Hesabu ya Mifuko Mitupu

Jumamosi moja ya Juni 2024 niliketi juu ya tofali kwenye kiwanja changu cha Nzuguni, Dodoma, upepo wa kiangazi unanimwagia vumbi hadi masikioni, nikafanya jambo ambalo nadhani fundi wangu wa kwanza hajanisamehe mpaka leo. Nilihesabu mifuko mitupu ya saruji.

Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa nimeshusha mifuko 60. Fundi akaniambia imetumika 48, imebaki 12. Nikaingia stoo, kweli 12 ipo, imepangwa vizuri kama miche ya sabuni dukani. Nikatoka nje kuangalia iliyotumika. Ilikuwa 39. Nikahesabu tena, safari hii naifunga kumi kumi kwa waya. Thelathini na tisa.

"Fundi, mingine tisa iko wapi?"

Akatazama barabarani, akatazama mbinguni. "Mama, si unauona upepo wa Dodoma? Inaruka hiyo."

Nikamuuliza huo upepo umechaguaje tisa ukaiacha 39. Vijana waliokuwa wanachekecha mchanga wakainamisha vichwa, mmoja wao mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko cha kujizuia. Mkumbuke huyo kijana, nitamrudia. Mfuko nilikuwa nanunua kwa 16,500, kwa hiyo mifuko tisa ni 148,500. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwangu hiyo siyo hela ya kupeperushwa.

Nieleze kidogo nilivyofika hapo. Nilihamia Dodoma mwaka 2019, wakati serikali ilishahamia na mji ukiwa umeshatangazwa jiji tangu Aprili 2018, na kila aliyekuwa na mshahara alikuwa anazungumzia kiwanja. Iyumbu, Ilazo, Mkonze, Ihumwa, Nala, popote ulipoelekea ulikuta misingi, mirundo ya kokoto na maboma yasiyo na paa. Mimi nikapata changu Nzuguni, nikakaa nacho miaka minne nikidunduliza. Kwa hiyo nilipoanza kujenga nilikuwa na hofu moja kubwa: wezi wa usiku. Nilikuwa nimesikia hadithi za watu walioamka na kukuta nondo zote zimeondoka na lori. Nikajiandaa kwa hao. Sikujiandaa kabisa kwa wa mchana.

Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa uzio. Nilinunua mabati yaliyotumika, nikazungushia kiwanja pande zote nne, urefu wa kumpita mtu. Nikaweka mlango na kufuli kubwa. Nikamkabidhi fundi ufunguo mmoja na mlinzi mmoja. Nilivyoupenda ule uzio! Nilipiga picha nikamtumia dada yangu Morogoro.

Jirani yangu ni mzee wa Kigogo ambaye familia yake ilikuwa pale kabla ya viwanja kupimwa. Alikuwa na desturi ya kukaa chini ya mti wake jioni akitazama kila kinachopita. Wiki moja baada ya uzio kusimama nikampitia. "Mbukwenyi," tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, halafu akasema taratibu, "Mwalimu, umetufumba macho." Sikumwelewa. Akanyoosha fimbo kuelekea mabati yangu. "Zamani nilikuwa naona nani anaingia kwako na nani anatoka. Sasa naona bati tu."

Ilinichukua miezi miwili kukubali kwamba mzee alikuwa sahihi. Uzio wa bati haumzuii mtu mwenye koleo na dakika tano, maana bati unalikunja tu kama kurasa za daftari. Ila unamzuia jirani kuona. Mwizi akishaingia ndani, yuko chumbani kwake. Baadaye nilibomoa pande mbili, ya barabarani na ya kwa mzee, nikaweka nguzo na waya wa seng'enge. Kiwanja kikawa wazi kama meza. Wapo wenzangu walionicheka, kwamba nimerudi nyuma kimaendeleo.

Taa ya sola nayo niliiweka, ile inayowaka mtu akipita mbele yake. Hiyo ndiyo iliibiwa ya kwanza. Usiku wa nne.

Turudi kwenye saruji. Baada ya ile Jumamosi nilitunga sheria: hakuna mfuko mpya kutoka stoo bila kurudisha mfuko mtupu, na ufunguo wa stoo ninao mimi peke yangu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa napita saiti saa kumi na mbili na nusu, napokea mitupu, natoa mipya, naandika. Wiki mbili hesabu ilikuwa inatimia hadi raha. Nikajiona mjanja. Wiki ya tatu, ninaipanga mitupu, nikaona mmoja una rangi nyingine. Nikaugeuza. Chapa ya kiwanda kingine kabisa, saruji ambayo sijawahi kuinunua. Nikapekua lundo lote, nikapata sita ya namna hiyo. Vijana walikuwa wanaokota mifuko mitupu kwenye maboma ya watu wengine, wananiletea mimi nitimize hesabu.

Nilicheka peke yangu pale stoo. Ukweli lazima usemwe, ile ilikuwa akili.

Kijana mmoja wa mtaa wa pili anayesoma uhandisi UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndiye aliyenifungua macho kwamba mifuko mitupu ni nusu tu ya hesabu. Aliniambia, "Mwalimu, usihesabu kilichobaki. Hesabu kilichojengwa." Akanifundisha kwamba zege la uwiano wa moja kwa mbili kwa nne, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, linakula mifuko sita na ushee kwa mita moja ya ujazo. Jamvi langu, yaani sakafu ya zege ya chini, lilikuwa mita 10 kwa 9, unene sentimita 10. Hiyo ni mita tisa za ujazo. Zidisha, unapata mifuko kama 58. Ongeza michache ya kumwagika. Fundi alikuwa ameniandikia 75.

Nikampelekea karatasi. Akasema ardhi ya Dodoma inakunywa zege. Nikamwambia sawa, tutaweka nailoni chini, isinywe. Tukatumia mifuko 61.

Kwenye tofali ndiko nilikochelewa, na nikiwaza ndiko kunakoniuma kuliko kwingine kote. Tulikubaliana tofali 30 za inchi sita kwa kila mfuko. Kumbe wao walikuwa wanapiga 40, mfuko mmoja kati ya minne wanaweka pembeni. Ukihesabu tofali, zimetimia. Ukihesabu mifuko mitupu, imetimia. Hakuna kilichopungua isipokuwa saruji iliyomo ndani ya tofali lenyewe. Niligundua kwa bahati. Nilikuwa nimeegemea rundo nikiongea na simu, mkononi nina ufunguo wa stoo, nikawa nakwaruza tofali bila kufikiri, kama mtu anavyochora chora karatasi. Nilipokata simu nikatazama chini. Ufunguo ulikuwa umezama hadi kwenye shingo yake, na mchanga mkavu unamwagika kwenye kiatu changu. Tofali lilikuwa na wiki tatu, limemwagiliwa maji siku zote. Nikalinyanyua hadi usawa wa kiuno, nikaliachia. Halikuvunjika vipande. Lilikuwa unga.

Mwizi wa nondo anakuibia hela. Huyu alikuwa ananiibia ukuta ambao wanangu wangelala chini yake. Tofali 200 na zaidi nilizikataa, tukazitumia kujazia chooni na kwenye njia. Nyingine zilikuwa zimeshaingia kwenye msingi. Hizo zipo mpaka leo, nimejiongezea mkanda wa zege juu yake na kusali.

Mlinzi naye nina habari zake. Alikuwa kijana mpole, mshahara elfu themanini kwa mwezi, analala kwenye kibanda cha mabati. Nilimpa tochi bila betri za akiba, hakuna chai, hakuna godoro, na kuna miezi nilimlipa tarehe 10 badala ya tarehe 30 kwa sababu mshahara wangu ulikuwa umeshaliwa na kokoto. Nilikuwa na simtanki la lita 5,000, linajazwa na boza, lori la maji, na nikawa nashangaa maji yanaisha siku mbili wakati fundi anasema wametumia madumu ishirini tu. Nikadhani linavuja. Nikamleta fundi bomba akalizunguka kila upande, hakuna tone.

Siku moja nikaja saa kumi na moja alfajiri badala ya saa kumi na mbili na nusu. Nikakuta foleni ya akina mama wana madumu, na mlinzi wangu kwenye koki, anapokea shilingi 300 kwa dumu, chenji ameweka kwenye kopo la rangi. Lita 5,000 ni madumu 250. Mlinzi alikuwa na biashara nzuri kuliko ualimu. Mama mmoja akanisalimia kwa furaha, "Shikamoo mwalimu, Mungu akubariki kwa kutuletea maji huku." Sikuwa na la kusema. Nikaitikia marahaba.

Sikumfukuza siku ile. Ningekuwa na ujasiri gani, wakati nilikuwa nadaiwa naye siku kumi na moja? Mtu unayemdai adabu huku yeye anakudai mshahara, sauti yako haitoki vizuri.

Alijiondoa mwenyewe kwenye ajira usiku wa kuamkia Nanenane. Mwaka ule maonyesho ya kitaifa yalifanyika hapa hapa Nzuguni, na wanaokumbuka watakubali kwamba ile wiki ilikuwa kama mji mwingine umehamia. Magari usiku kucha, muziki, wageni kila kona. Tarehe 7 Agosti tulimwaga zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha. Tulikodi mashine ya kuchanganyia zege na poka, ile mashine ya kutikisia zege lishuke vizuri kwenye nondo. Tulimaliza giza limeshaingia, mwenye mashine akasema kesho sikukuu, atazifuata keshokutwa. Fundi akasema hakuna neno, mlinzi yupo.

Mlinzi alikwenda kuangalia maonyesho. Asubuhi mashine ya zege ilikuwepo kwa sababu haibebeki. Poka haikuwepo, injini na mpira wake. Pampu yangu ya maji haikuwepo. Toroli lilikuwepo, limelala ubavu, gurudumu halipo. Nilisimama mbele ya lile toroli kwa muda. Mtu ameacha chuma chote akachukua gurudumu, maana yake alijua anachotafuta, na alikuja na spana.

Poka ya watu nililipa mwenyewe, kwa awamu, miezi minne. Nilikwenda kituo cha polisi nikafungua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nikaulizwa namba ya mashine. Sikuwa nayo. Nikaulizwa picha. Sikuwa nayo. Nikaulizwa risiti ya pampu, nikasema ipo nyumbani, na haikuwepo. Askari aliyekuwa anaandika hakunidharau, alinitazama tu kwa huruma, akasema, "Mama, tukiikamata leo utasemaje kuwa ni yako?" Tangu siku hiyo kila kifaa kinachoingia saiti kwangu napiga picha ile plate yenye namba, na nachora alama kwa chuma cha moto mahali pasipoonekana haraka. Na mashine ya kukodi hailali. Ikibidi tumwage zege hadi saa tano usiku, mwenyewe aje aichukue saa tano usiku.

Mwezi wa tisa ndipo simu ikalia saa saba usiku. Mzee jirani. "Mwalimu, njoo. Wamemshika mtu kwako, na watu wameshakuwa wengi."

Nilipanda bodaboda nimevaa khanga juu ya gauni la kulalia. Nilikuta kama watu thelathini, tochi za simu zinamulika sehemu moja. Kijana alikuwa ameketi juu ya mchanga wangu, shati limechanika begani, damu inatoka puani, mikono imefungwa nyuma kwa waya wa kufungia nondo. Waya wangu mwenyewe. Pembeni yake nusu mfuko wa saruji na rola moja ya waya. Mtu mmoja aliyesimama nyuma alikuwa ameshika chupa ya maji ya lita moja na nusu, na ndani hayakuwa maji. Harufu ilinifikia kabla sijashuka kwenye pikipiki.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amesimama kati ya kijana na watu, amevaa kaptula na koti, anapiga kelele hadi sauti imekauka kwamba atakayemgusa atamtaja jina kituoni. Mzee jirani naye alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye mchanga, karibu na kijana, fimbo mapajani. Baadaye nilielewa kwa nini alikaa. Hakuna mtu pale ambaye angemwaga petroli akamrushia na mzee.

Nikammulika usoni. Ni yule aliyetikisika mabega.

"Wewe?"

"Mwalimu, nisamehe. Nakudai wiki tatu."

"Unanidai mimi? Mimi nalipa kila Jumamosi!"

"Unamlipa fundi," akasema.

Watu walinyamaza kidogo. Hapo ndipo niliposikia yote, mimi nimechuchumaa mbele yake kama tunaota moto. Fundi alikuwa anapokea hela ya vibarua kutoka kwangu kwenye simu, anawapa ya kula siku ile, nyingine anasema mwalimu hajatuma. Wakilalamika anawaambia jifidieni. Wao wakajifidia. Na ile mifuko tisa ya upepo, na ile ya tofali, haikuuzwa dukani. Ilikwenda mitaa miwili kutoka pale, ambako fundi alikuwa anajenga vyumba vitatu kwa mkataba wa kazi na vifaa. Nyumba yangu ilikuwa imepata mtoto, na mimi sijui.

Tulimpeleka kijana ofisi ya mtaa, akaandika maelezo, akalala pale akiwa na mgambo. Asubuhi fundi simu yake ilikuwa imezimwa. Alipatikana baada ya siku mbili, akaitwa kituoni, tukafika mahali akakubali deni kwa maandishi. Amelipa kama theluthi. Kijana sikumfungulia kesi. Nilimlipa wiki zake tatu mbele ya mwenyekiti, nikakata thamani ya rola moja ya waya, akasaini. Ndugu yangu mmoja aliniambia nimefuga mwizi. Huenda. Ila mimi ndiye niliyeona ile chupa.

Fundi wa pili nilimpata kwa njia tofauti. Sikuuliza mtu "unamjua fundi mzuri?" maana kila mtu anamjua mmoja. Nilikwenda kwenye nyumba tatu alizomaliza, nikabisha hodi, nikauliza wenye nyumba swali moja tu: mlipomalizana, mlikuwa bado mnaongea? Tukaandikishana ofisi ya mtaa, mwenyekiti akiwa shahidi, nakala ya kitambulisho cha fundi imebaki kwake. Kazi na malipo kwa hatua: kenchi (mbao za kubeba paa), bati, plasta. Na vibarua nikawalipa mwenyewe, kila Jumamosi saa tisa, chini ya mti wa mzee, kila mtu na jina lake na sahihi yake kwenye daftari. Fundi alinuna mwanzoni. Nikamwambia hela yako haimo humu, yako ni ile ya hatua, na ya hatua haijawahi kuchelewa.

Nisidanganye kwamba wizi ulikwisha. Misumari iliendelea kupotea, nadhani misumari hupotea hata kwenye ujenzi wa kanisa. Mirunda, ile miti ya kuegemezea, nayo ilikuwa inapungua, hadi nilipopita jikoni kwa mama ntilie aliyekuwa anawapikia mafundi, nikaona mrunda wangu umeingia kwenye mafiga, bado una misumari. Akaniambia, "Mwalimu, si ndiyo ugali wao huu?" Tukakubaliana anipikie na mimi.

Lakini ule wizi wa mifuko, wa tofali, ule wa kupangwa, ulikatika kama bomba lililofungwa. Wale wale vijana. Kijana wangu wa mabega ndiye aliyenionyesha mchezo wa nondo. Nondo ya milimita 12 ina urefu wa mita 12 na uzito wa kilo kumi na ushee. Fundi mwenye nia mbaya hahitaji kuiba nondo nzima. Anakata vibaya. Badala ya kupanga vipande vitoke bila masalia, anakata kiasi kwamba kila nondo inabakiza kipande cha mita moja na nusu ambacho "hakifai". Vile vipande vinatupwa pembeni, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mkokoteni kila siku saa nane. Vipande saba vya namna hiyo ni uzito wa karibu nondo nzima, na kwenye chakavu vinauzwa kwa kilo, hakuna anayeuliza. Tangu hapo nikawa nakaa na fundi tunapanga mikato kwenye karatasi kabla msumeno haujagusa chuma, na masalia yote yanaingia stoo, yanapimwa. Nondo nzima nikazipaka rangi ya mafuta nyekundu, siyo nchani tu, hata katikati na kila baada ya hatua mbili. Zilionekana vibaya sana. Hazikupotea.

Mlinzi wa pili hakuwa mlinzi. Ni baba, mama na mtoto mchanga, niliowapa chumba kimoja cha boma, mlango wa mbao na paa la muda. Baba ana kibarua chake mjini mchana, mama anakaanga maandazi barabarani. Nawalipa elfu hamsini, maji na umeme wa sola wa taa moja, na dumu tano za maji kwa siku wauze au wafanye watakavyo, tumeandikishana. Moshi wa maandazi saa kumi alfajiri, mtoto analia saa sita usiku, wateja wanapita mchana. Ukitaka kuiba mahali panapokaliwa na mtoto mchanga, uwe na subira sana, maana mle ndani hakuna anayelala.

Na nikaacha kujaza stoo. Zamani nilikuwa nanunua mifuko mia kwa mara moja nikiona nimewahi bei. Kumbe saruji ikikaa inashika unyevu, inaganda pembeni, na mvua za Desemba zikifika hali inakuwa mbaya zaidi, halafu kila usiku unalala na mifuko mia kichwani. Nikawa nanunua ya siku nne. Bati nilizishusha asubuhi ile ile mafundi wanapanda kuezeka. Nyaya za umeme hazikuwahi kulala saiti hata rola moja. Fundi umeme alikuja nazo, akaondoka nazo, na siku alipozipitisha ukutani ndiyo siku tuliyohamia, madirisha yakiwa bado yamezibwa kwa mbao na upepo unapiga mluzi usiku kucha kwenye nyufa zake. Nyumba nyingi hapa zinavunjwa katika zile wiki mbili kati ya nyaya na kuhamia. Watu hukata nyaya kwenye swichi, wakavuta, ikatoka yote kama tambi.

Toroli lisilo gurudumu bado lipo nyuma ya jiko. Sijui kwa nini sijalitupa.

Mwezi uliopita kiwanja cha upande wa pili kimeanza kuchimbwa msingi. Mwenyewe ni kijana mfanyakazi wa Mtumba, kule mji wa serikali, mpole, gari safi. Amezungushia mabati pande zote nne. Juzi jioni alikuja na toyo, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, imebeba mifuko 20, akaomba nimhifadhie ndani hadi Jumatatu, stoo yake bado haina mlango. Nikamkaribisha. Nikasimama mlangoni, nikahesabu mmoja mmoja ulivyokuwa unaingia, nikaandika kwenye daftari tarehe na chapa, kisha nikampa kalamu.

Akacheka. "Mwalimu, hata mimi nisaini?"

"Hata wewe, baba. Na huu wa mwisho mwepesi. Ushushe kwanza tuupime."